Fizikia ya Mitelezo Mirefu ya Maji na Ujenzi Wake

Watoto wa vijijini hawakumngoja mhandisi ili waijue raha ya kuserereka. Mvua inyeshapo na majani ya kilimani yakilowa, hukata kuti la mnazi au ganda la mgomba, wakaketi juu yake, wakajiachia, na kitambo kidogo wakajikuta bondeni. Bila ya kufundishwa na mtu wanayajua mambo matatu ya msingi: kwamba kilima kirefu huleta mwendo mkali, kwamba unyevu huirahisisha safari, na kwamba mwisho wa mteremko pakiwapo jiwe mchezo hugeuka kuwa msiba. Mhandisi ajengaye mtelezo wa maji katika uwanja wa burudani hana siri kubwa kuliko hizo tatu. Tofauti ni kwamba yeye analazimika kuzipima moja moja kabla ya mtu wa kwanza kupanda ngazi.

Viwanja vya michezo ya maji si vya zamani sana. Uwanja wa Wet 'n Wild, ulioanzishwa na George Millay mjini Orlando, Marekani, mwaka 1977, na ambao ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2016, aghalabu hutajwa kuwa ndio uliofungua zama za viwanja hivyo kama vijulikanavyo leo. Tangu hapo vimeenea duniani kote, na Afrika Mashariki nayo inavyo, kwa mfano katika ufuo wa Kunduchi, Dar es Salaam. Kila uwanja hutafuta mtelezo utakaowavutia watu kuliko ule wa jirani, na njia nyepesi ya kuwavutia ni kuongeza kimo. Mwaka 1989 uwanja wa Beach Park, karibu na mji wa Fortaleza nchini Brazili, ulifungua mtelezo uitwao Insano wenye kimo cha mita 41. Mwaka 2002, katika jimbo la Rio de Janeiro nchini humo humo, ulifunguliwa mwingine wenye kimo cha mita 49.9, na wenyewe wakaupa jina la mlima wetu: Kilimanjaro. Kisha mwaka 2014, katika mji wa Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani, ukafunguliwa mtelezo wa Verrückt, neno la Kijerumani lenye maana ya "mwenye wazimu". Huo ulikuwa na kimo cha mita 51.38, sawasawa na jengo la ghorofa kumi na saba hivi. Miaka miwili baadaye ulisababisha kifo cha mtoto.

Makala haya yanaeleza kanuni zinazoutawala mtelezo wa maji, jinsi unavyojengwa, na kwa nini kupita kipimo katika kazi hii si jambo la mzaha. Kanuni zenyewe hazizidi zile zinazofundishwa katika fizikia ya shule za sekondari.

Kutoka kimo hadi mwendo

Mtu aliyesimama juu ya mnara ana nishati tuli, yaani nishati aliyojiwekea kwa kupanda ngazi. Kiasi chake ni tungamo lake mara mchapuko wa mvutano wa dunia mara kimo: mgh. Anaposhuka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo: ½mv². Kama hakuna kinachopotea njiani, viwango hivyo viwili ni sawa. Tungamo linajifuta katika pande zote mbili za mlinganyo, na kinachobaki ni v² = 2gh.

Ichukuliwe kwamba mtelezo una kimo cha mita 10, na kwamba g ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Hivyo v² ni 196, na v ni mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa gari katika barabara ya mjini, nao unapatikana kutoka kimo cha nyumba ya ghorofa tatu tu. Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba mwendo haukui sawia na kimo. Ili mwendo uzidi maradufu, kimo hakina budi kuzidi mara nne. Ndiyo maana wajenzi wanaoshindania mwendo hulazimika kujenga minara ya kutisha ili kupata nyongeza ndogo.

Mlinganyo huu unatoa faida nyingine ambayo mwanafunzi hapaswi kuidharau: unaweka mpaka usiovukika. Matangazo mengi kuhusu Insano husema kwamba mtu hufikia mwendo wa kilomita 105 kwa saa. Lakini kwa kimo cha mita 41, v² ni 803.6, na v ni mita 28.3 kwa sekunde, yaani kilomita 102 kwa saa, na hapo msuguano na upepo havijakatwa hata kidogo. Basi ama kimo kimetajwa pungufu, ama mwendo umetajwa kwa ukarimu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kalamu na karatasi anaweza kulihoji tangazo lililotungwa ng'ambo ya bahari, na hoja yake ikasimama.

Kazi ya maji

Katika hali halisi kitu hupotea njiani, nacho ni kazi inayofanywa na msuguano. Ngozi ya mtu juu ya plastiki kavu hukwama na kuchubuka, kwa kuwa msuguano hubadili nishati mwendo kuwa joto. Maji yakimiminwa, hujipenyeza kati ya mwili na sakafu ya mtelezo, yakafanya utando mwembamba. Tangu hapo mwili haugusani na sakafu, bali huelea juu ya utando huo, na kinachouzuia ni mnato wa maji peke yake. Mnato wa maji ni mdogo, na kwa hiyo kizuizi ni kidogo.

Ili kuona athari yake, na ichukuliwe kwamba kani ya msuguano ni sehemu moja ya kumi ya kani inayoukandamiza mwili dhidi ya sakafu, yaani mgawo wa msuguano ni 0.1. Kwa mteremko ulionyooka, hesabu hutoa jawabu la kupendeza: nishati inayopotea haitegemei ukali wa mteremko, bali inategemea umbali uliosafiriwa kwa kipimo cha ulalo, x. Mlinganyo huwa v² = 2g(h − 0.1x). Kwa kimo cha mita 10 na ulalo wa mita 20, kimo hicho ni kana kwamba kimepungua hadi mita 8, na mwendo wa mwisho ni mita 12.5 kwa sekunde badala ya 14. Mgawo ukipanda hadi 0.3, kimo hicho hubaki mita 4 na mwendo hushuka hadi mita 8.9. Kwa hiyo pampu ikipungua nguvu katikati ya siku, mtelezo hubadilika kabisa ingawa umbo lake halikubadilika. Mtu anaweza kukwama njiani, na anayemfuata akamgonga.

Maji hayo hayapatikani bure. Mtelezo wa kutumia chelezo cha mpira unaweza kuhitaji maji ya lita 100 kwa sekunde. Kuyapandisha maji hayo hadi kimo cha mita 10 kunahitaji nishati ya jouli 9,800 kila sekunde, yaani kilowati 9.8. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 70 itavuta kilowati 14 za umeme muda wote mtelezo unapofanya kazi. Kwa saa moja pampu hiyo inazungusha mita za ujazo 360. Bila shaka hakuna uwanja unaoweza kuyamwaga maji kiasi hicho. Hukusanywa katika bwawa la chini, huchujwa, hutiwa dawa ya klorini na kurudishwa juu. Mahali ambapo maji ya bomba ni haba, mtambo wa kuchuja una thamani kama mnara wenyewe.

Kona, bonde na kilele

Mtelezo ulionyooka hauna mambo mengi. Ugumu huanza unapopinda. Kitu kinachokwenda kwa mzingo hakina budi kusukumwa kuelekea kitovu cha mzingo huo, na mchapuko unaohitajika ni v²/r, ambapo r ni nusu kipenyo cha mzingo.

Kwanza ni kona ya pembeni. Ichukuliwe kwamba chelezo kinaingia konani kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde, na nusu kipenyo cha kona ni mita 5. Mchapuko unaohitajika ni 49 gawanya kwa 5, yaani 9.8, sawa kabisa na g. Kwa kuwa sakafu ni telezi na haiwezi kukishika chelezo, ni ukuta tu unaoweza kukisukuma. Chelezo hupanda ukutani hadi ukuta ufanye pembe ya digrii 45. Mwendo ukizidi, hupanda zaidi. Kwa sababu hiyo kona za mitelezo hujengwa zikiwa na kuta za juu, na zile za mwendo mkali hufunikwa kabisa zikawa kama bomba.

Pili ni bonde, yaani mahali ambapo mteremko mkali unaishia na kulala. Hapo kitovu cha mzingo kipo juu, na sakafu haina budi kumsukuma mtu kwenda juu kwa kani inayozidi uzito wake. Kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde na nusu kipenyo cha mita 10, v²/r ni 19.6, ambayo ni g mara mbili. Ukijumlisha uzito wa kawaida, mtu huhisi uzito mara tatu. Mwanafunzi wa kilo 50 huhisi kana kwamba amekuwa na kilo 150. Kijana mwenye afya anaweza kuustahimili mzigo huo kwa muda mfupi, ikiwa amelala chali na shingo yake imeegemezwa. Akiwa ameinua kichwa ili atazame, ni shingo inayobeba mzigo huo.

Tatu ni kilele, nacho ni hatari kuliko vyote. Chelezo kikipita juu ya kilima, kitovu cha mzingo kipo chini, na kani pekee inayoweza kukivuta kuelekea huko ni mvutano wa dunia. Sakafu husukuma, haiwezi kuvuta. Kwa hiyo mchapuko v²/r hauwezi kuzidi g. Ukizidi, chelezo huiacha sakafu na kuruka hewani kama jiwe lililorushwa. Kwa kilele chenye nusu kipenyo cha mita 20, mpaka ni v² = 9.8 × 20, yaani 196, na v ni mita 14 kwa sekunde. Kwa mwendo wa mita 13 chelezo kitapita salama. Kwa mwendo wa mita 15 kitaruka. Hakuna dalili inayotangulia, na aliye ndani hana usukani wala breki.

Kitanzi cha New Jersey

Mfano wa watu waliojenga kwanza na kuhesabu baadaye ulionekana katika uwanja wa Action Park, jimbo la New Jersey, Marekani. Hapo ulijengwa mtelezo wa bomba uliomalizikia kwa kitanzi cha wima, mtu akipinduliwa kichwa chini kabla ya kutoka. Mwaka 1985 ulifunguliwa kwa umma kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha ukafungwa.

Kosa lake linaelezeka kwa milinganyo miwili iliyokwisha kutajwa. Ili mtu asianguke kileleni mwa kitanzi cha duara, v² ya pale juu isiwe chini ya gr. Kwa kuwa kilele kiko juu ya bonde kwa 2r, v² ya chini isipungue gr + 4gr, yaani 5gr. Mchapuko wa kuingilia kitanzi basi ni 5g, na ukijumlisha uzito wa kawaida, mtu huhisi uzito wake mara sita. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Akiingia na mwendo pungufu hafiki juu, huanguka ndani ya bomba au hurudi chini akakwama. Wajenzi wenyewe walilazimika kutoboa mlango wa kuwatoa waliokwama. Kati ya mwendo usiotosha na mwendo unaoumiza hakukuwa na nafasi ya kupita.

Jawabu la wahandisi waliofuata lilikuwa kukilaza kitanzi. Badala ya kusimama wima, hujengwa kimeinama upande, hivyo kilele hakiwi juu sana na bonde halibani sana. Kitanzi cha namna hii kilianza kutumika nchini Slovenia mwaka 2008, na sasa kimeenea nchi nyingi. Mtu husimama ndani ya chumba chembamba, mlango wa chini hufunguka ghafula, naye huanguka karibu wima ili kila mmoja aanze na mwendo ule ule. Umbo lilibadilishwa kuifuata kanuni, na kitu kile kile kilichoshindikana mwaka 1985 kikawezekana.

Jinsi mtelezo unavyojengwa

Kazi huanza katika kompyuta. Mhandisi huchora njia na kuigawanya katika vipande vifupi, na kwa kila kipande programu hukokotoa mwendo, kani na njia ya chelezo. Haitoshi kuhesabu kwa mtu mmoja wa wastani. Lazima ijaribiwe kwa mzigo mwepesi kabisa na mzito kabisa, maji mengi na maji machache, chelezo kipya na kilichochakaa, siku tulivu na siku ya upepo. Njia inakubaliwa pale tu inapokuwa salama katika hali zote hizo. Makampuni yanayofanya kazi hii ni machache. Miongoni mwao ni WhiteWater na ProSlide, yote mawili ya Kanada, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1980.

Sehemu za njia hutengenezwa kwa fibaglasi. Kwanza huundwa kalibu yenye umbo linalotakiwa. Ndani yake hupakwa tabaka laini la rangi, ambalo ndilo litakalogusana na maji. Juu yake hutandazwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa resini ya poliesta, tabaka baada ya tabaka. Resini ikikauka, kipande hutolewa kikiwa chepesi, kigumu na kisichoota kutu. Vipande huunganishwa kwa boliti kupitia kingo zake za nje, na maungio hujazwa gundi inayozuia maji. Hapa kuna sheria ndogo yenye maana kubwa: ukingo wa kipande cha chini usiinuke hata milimita chache kuliko cha juu yake. Kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, ukingo uliojitokeza hukata ngozi kama kisu.

Njia hubebwa na nguzo za chuma zilizopakwa zinki, zilizosimikwa katika misingi ya zege. Nguzo hazibebi uzito wa watu peke yake. Maji yenyewe ni mazito, kila kona inasukumwa upande wa nje kila chelezo kinapopita, na upepo huukamata mnara mrefu kama tanga. Pwani, ambako hewa ina chumvi, ukaguzi wa kutu ni wa lazima.

Ujenzi ukikamilika hufuata majaribio. Vyelezo hushushwa vikiwa na mifuko ya mchanga au maji, vikibeba vyombo vinavyorekodi mchapuko kila sehemu. Vipimo hulinganishwa na hesabu. Visipolingana, hesabu husahihishwa na njia hurekebishwa. Barani Ulaya kazi hii huongozwa na viwango vya EN 1069, na Marekani na viwango vya ASTM F2376.

Msiba wa Kansas

Mtelezo wa Verrückt ulikuwa na mteremko mkuu mmoja, na baada yake kilima cha pili chenye kimo cha mita 15 hivi. Watu watatu waliketi katika chelezo kimoja, mmoja nyuma ya mwingine, na uzito wao wa jumla ulitakiwa uwe kati ya ratili 400 na 550, yaani kilo 181 hadi 249. Mwendo uliotangazwa ulifikia kilomita 105 kwa saa.

Mwanafunzi anaweza kukipima kilima hicho kwa kanuni zilizoelezwa. Tofauti ya kimo kati ya kilele cha mnara na kilele cha kilima ni mita 36 hivi. Bila msuguano, v² juu ya kilima ingekuwa 2 × 9.8 × 36, yaani 706 hivi. Ili chelezo kisiruke, nusu kipenyo cha kilele kingehitaji kufikia mita 72. Hata kama nusu nzima ya nishati hiyo ingepotea njiani, bado kingehitajika kilele chenye nusu kipenyo cha mita 36. Hesabu hii ya mistari mitatu inatosha kuonyesha kwamba kilima hicho kilihitaji uangalifu usio wa kawaida.

Onyo lilikuja mapema. Katika majaribio vyelezo vyenye mifuko ya mchanga viliruka hewani. Ufunguzi uliahirishwa zaidi ya mara moja, na sehemu ya mtelezo ikabomolewa na kujengwa upya. Juu ya njia pakafungwa wavu ulioshikiliwa na pete za chuma, ili atakayerushwa asitoke nje. Mnamo Julai 2014 mtelezo ukafunguliwa kwa umma.

Tarehe 7 Agosti 2016 mvulana wa miaka 10 aliketi mbele ya chelezo, na nyuma yake wanawake wawili wazito kuliko yeye. Chelezo kiliruka juu ya kilima cha pili na kugonga pete ya chuma iliyoshikilia wavu. Mvulana alifariki papo hapo, na wanawake hao waliumia.

Kwa nini chelezo kimoja kiruke na vingine vipite? Sehemu ya jibu imo katika tungamo. Katika mlinganyo wa v² = 2gh tungamo hujifuta, na msuguano nao hukua pamoja na uzito. Lakini kizuizi cha hewa hakijali uzito. Kinategemea umbo na mwendo. Kani ya newtoni 200 ikikizuia chelezo cha kilo 180, humpunguzia mwendo mwenye chelezo kwa mchapuko wa 1.1, ikikizuia cha kilo 250, kwa 0.8 tu. Kwa hiyo chelezo kizito hufika kilimani na mwendo mkubwa zaidi. Tena, jumla ya uzito haisemi uzito umekaa wapi. Watu watatu wa kilo 75 kila mmoja hutoa kilo 225, na vivyo hivyo mtoto wa kilo 35 na watu wawili wa kilo 95. Katika hali ya pili kitovu cha uzito kimesogea nyuma, na pua ya chelezo ni nyepesi kuinuka. Mizani ya getini haioni tofauti hiyo.

Wavu nao una funzo lake. Ulifungwa kwa sababu ilijulikana kwamba chelezo kinaweza kuruka. Lakini kitu kinachokwenda mita 20 au zaidi kwa sekunde kikikutana na chuma kilichosimama, chuma hicho hakiwi kinga tena. Kinga inayofaa ni ile inayoondoa sababu ya hatari. Iliyopaswa kubadilishwa ni kilima, si hewa iliyo juu yake.

Mtelezo haukufunguliwa tena. Mwaka 2017 Bunge la jimbo la Kansas lilikaza sheria ya ukaguzi wa vyombo vya burudani. Mwaka 2018 kampuni na baadhi ya wahusika walishtakiwa mahakamani. Mwaka 2019 mashtaka hayo yalifutwa kwa sababu ya kasoro katika ushahidi uliowasilishwa mbele ya baraza la kushtaki. Mtelezo wenyewe ulibomolewa mwaka 2018.

Namna ya kusimama

Kila mtelezo lazima umalizikie mahali ambapo mwendo unaweza kupungua bila kuumiza. Aghalabu huwa ni mfereji mrefu uliolala, wenye maji ya kina kifupi. Mtu aingiaye kwa mita 14 kwa sekunde na kusimama baada ya mita 20 hupungua kwa mchapuko wa 196 gawanya kwa 40, yaani 4.9, ambao ni nusu ya g. Huo ni mwepesi. Mfereji ukifupishwa hadi mita 5 ili kuokoa gharama, mchapuko unakuwa 19.6, nao ni g mara mbili.

Hapa ndipo maagizo ya walinzi yanapata maana yake. Mtu huambiwa alale chali, atangulize miguu, apishanishe vifundo na kukunja mikono kifuani. Kanieneo ya maji yanayogongwa kwa mwendo v ni nusu ya uzito wiani wa maji mara v². Kwa mita 14 kwa sekunde ni 98,000 paskali, karibu sawa na kanieneo ya angahewa nzima. Kwa mita 28 kwa sekunde ni mara nne ya hiyo. Maji yenye kanieneo hiyo yakipenya kati ya miguu iliyoachana yanaweza kujeruhi viungo vya ndani. Agizo hilo limetokana na hesabu, si ukali wa mlinzi.

Jaribio la darasani

Somo hili linaweza kufanyiwa jaribio bila gharama kubwa. Mwalimu na atafute mfereji wa plastiki wa kukingia maji ya mvua wenye urefu wa mita mbili hivi, na auegemeze juu ya meza. Kitu cha kuserereka kiwe kipande cha barafu au kipande cha sabuni kilicholoweshwa. Gololi haifai sana, kwa kuwa sehemu ya nishati yake huishia katika kujiviringisha. Mwisho wa mfereji ulale, nao uishie ukingoni mwa meza. Kipande kitakachoruka kutoka ukingoni kitaanguka sakafuni kwa umbali fulani, d. Kama kimo cha meza ni H, muda wa kuanguka ni t = √(2H/g), na mwendo wa kuruka ni d/t.

Wanafunzi wakadirie kwanza mwendo kwa mlinganyo wa v² = 2gh, kisha wapime. Jawabu la pili litakuwa dogo kuliko la kwanza, na kutokana na tofauti hiyo wataweza kukokotoa mgawo wa msuguano. Warudie kwa mfereji mkavu na kwa mfereji uliomiminiwa maji. Mwisho waukunje mfereji mwembamba unaopindika ufanye kilima kidogo, na watafute kwa majaribio kimo ambacho kipande huanza kuiacha sakafu. Wakilinganisha kimo hicho na mlinganyo wa v² = gr, watakuwa wamepitia, kwa usalama na kwa gharama ya kipande cha sabuni, swali lile lile lililopaswa kujibiwa katika mji wa Kansas City kabla ya Julai 2014.